Njia Panda ya Subuiga

Mji wa Isiolo uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifikia kwa miguu yake bila kamba, kina mita 4,985. Kati ya hapa na pale kuna karibu kilomita nne za kwenda juu, na siku ya kiangazi gari zuri laweza kukumalizia nusu yake kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo neema ya mkaazi wa wadi ya Wabera, Isiolo, anayetaka kuikanyaga theluji, na hiyo hiyo ndiyo hatari yake.

Vitabu vingi vya safari za Mlima Kenya huanzia Nairobi. Msomaji huambiwa apite Karatina, alale Naro Moru au Nanyuki, kisha apande. Hesabu zake za nauli, za saa na za usiku wa kulala zimepangwa kwa mtu anayetoka mji ulio mita 1,700 na anayeukabili mlima kutoka kusini. Mtu wa Isiolo huukabili kutoka kaskazini. Huanza chini zaidi, hufika haraka zaidi, na geti lililo karibu naye silo linalotajwa mwanzo katika vitabu hivyo. Ndiyo maana nimeona ni lazima safari hii iandikwe upya kutoka steji ya Isiolo.

Asubuhi isiyo na mawingu mlima huonekana kutoka mjini, upande wa kusini ukielemea magharibi kidogo. Kufikia saa nne mara nyingi huwa umeshajifunika. Watu wengi wa Isiolo wameutazama tangu utotoni wasiwahi kwenda, na sababu si nauli peke yake; nyingine ni historia. Wadi ya Wabera imebeba jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Aliuawa mwezi Juni 1963 akiwa njiani kuelekea Modogashe, pamoja na Chifu Haji Galma Dida wa Waborana. Vita vya Shifta vilifuata hadi 1967, na kwa miaka mingi baada ya hapo safari ilikuwa jambo la kuhesabiwa kwa usalama, kwa vibali na kwa vizuizi vya barabarani. Nani angepanga safari ya kujifurahisha katika hali hiyo? Usiku wa kuamkia 12 Desemba mwaka huo huo wa 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huru pale Lenana. Mlima ukawa alama ya taifa zima, lakini kwa mtu wa Isiolo ulibaki kitu cha kutazamwa kwa mbali. Ningependa kizazi kinachokua sasa kiende. Barabara ipo, ni ya lami, na kipande kinachowahusu hakihitaji hata nusu siku.

Kipande hicho kinaanzia steji. Kuna matatu za Nanyuki, kuna za Meru, na kuna Probox zinazoondoka zikijaa. Zote za kupitia barabara kuu hupanda kusini kama kilomita 30 hadi Subuiga, ambako barabara ya Isiolo inakutana na ile ya Nanyuki kwenda Meru. Ukitaka kujua mwinuko ni nini bila kupima chochote, keti dirishani katika kipande hiki. Mjini umepanda gari ukiwa na shati jepesi na jasho shingoni. Migunga inaanza kupungua, nyasi zinakuwa ndefu, masikio yanaziba na kuzibuka, na abiria mmoja mmoja anaanza kufunga dirisha. Ukifika juu unakuta mashamba ya ngano yamelala pande zote, upepo unakata, na wanaosubiri gari wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Umepanda zaidi ya mita elfu moja, pengine kabla hujamaliza chupa ya maji.

Subuiga ndipo unapochagua, na uchaguzi huo ufanye ukiwa bado nyumbani. Ukikata kulia unaelekea Timau na Nanyuki, yaani njia za Sirimon na Naro Moru. Ukikata kushoto unaelekea Meru, na mbele yake Chogoria. Njia hizi tatu zote zinafika Lenana. Tofauti yake kubwa ni kasi ya kukupandisha, na hilo ndilo la kutazama kabla ya mandhari na kabla ya bei.

Nianze na Sirimon, kwa kuwa ndiyo ninayompendekezea mtu wa Isiolo anayekwenda mara ya kwanza. Njia ya kuingilia iko kabla ya kufika Nanyuki, kama kilomita 15 upande wa Timau. Mgeni wa kutoka Nairobi hulazimika kuupita mji wa Nanyuki kisha kusonga mbele; wewe unaifikia kwanza. Mwambie makanga mapema kwamba unashuka Sirimon, la sivyo utapitishwa na kulipa nauli ya kurudi. Kutoka barabara kuu hadi getini ni kama kilomita kumi. Boda boda hufika, teksi hufika, na wenye mzigo mdogo na siku nzima mbele yao huenda kwa miguu, jambo ambalo kwa kweli ndilo bora kwa mwili. Geti liko kwenye mita 2,650 hivi. Kutoka hapo ni kilomita tisa za barabara ya taratibu hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kisha unafuata bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, chini kabisa ya majabali ya Batian na Nelion. Njia yote ni kavu ikilinganishwa na zile nyingine, kwa sababu upande huu wa mlima hupata mvua kidogo.

Naro Moru ni fupi zaidi, na ufupi ndio kasoro yake. Kutoka Isiolo unapita Timau, unapita Nanyuki, unashuka hadi mji wa Naro Moru, kisha unaingia ndani hadi geti la mita 2,400. Kiangazi, gari lenye nguvu laweza kuendelea hadi kituo cha Met, mita 3,050. Fikiria maana yake: mtu ameamka Wabera kwenye mita 1,100, jioni analala mita 3,050, na kesho yake anavuka kinamasi cha mteremko mkali kwenda kambi ya Mackinder, mita 4,200. Amepanda kilomita tatu katika siku mbili. Wengi wanaofanya hivyo hufika kambini wakiwa na kichwa kinachopasuka na tumbo lisilokubali chakula, na alfajiri ya kwenda kileleni inawakuta wamejikunyata ndani ya mfuko wa kulalia.

Chogoria ndiyo nzuri kupita zote. Kuna Ziwa Ellis, kuna bonde la Gorges lenye kuta za mawe zilizosimama wima, na kuna Ziwa Michaelson chini yake. Lakini kutoka mji wa Chogoria hadi geti la mita 2,950 ni takribani kilomita 30 za msitu, na mvua ikinyesha hupiti bila gari la magurudumu manne yote yenye kuvuta. Gari hilo hukodiwa, na kodi yake haipungui kwa sababu mko wawili. Tena linakuinua hadi karibu mita 3,000 ukiwa umeketi. Kwa hiyo njia hii naiona ni bora ya kushukia kuliko ya kupandia, labda mkiwa kundi kubwa na mna usiku wa ziada wa kukaa pale getini.

Madaktari wanaoshughulikia maradhi ya mwinuko wanasema hatari huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Ushauri wao wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya kitanda cha jana na kitanda cha leo, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Tazama neno kitanda. Mchana unaweza kupanda juu zaidi na kurudi. Kinachohesabiwa hasa ni mahali unapolala. Hewa ya juu ina msukumo mdogo, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu, na mwili unahitaji siku kadhaa kubadilisha upumuaji na damu. Ujana hauusaidii, wala mazoezi. Mkimbiaji hodari huumia kama mwenzake, na mara nyingine zaidi, kwa kuwa miguu yake inamfikisha mbali kabla mwili haujajipanga.

Ukizichukua hesabu hizo na kuzipanga kuanzia Isiolo, ratiba inajichora yenyewe. Usiku wa kwanza lala Nanyuki, ambako ni kama mita 1,950, au Timau ambako ni juu zaidi. Usilale Wabera na kesho yake Old Moses, hata kama gari linaruhusu. Usiku wa pili na wa tatu lala Old Moses. Ile siku ya katikati panda juu kidogo kwa matembezi kisha urudi. Usiku wa nne ndio wa Shipton, na huo wenyewe ni mruko wa mita 900, mkubwa kuliko unavyoshauriwa, ndiyo maana ule usiku wa ziada wa Old Moses si anasa. Kutoka Shipton watu huamka saa nane au tisa za usiku ili jua liwakute Lenana. Maumivu ya kichwa yakizidi, ukaanza kutapika, ukayumba kama mlevi au ukakohoa na kuishiwa pumzi hata ukiwa umelala, dawa ni moja: shuka, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Watu waliotangulia walikuwa na faida moja tuliyoipoteza, nayo ni polepole. Halford Mackinder aliondoka Nairobi mwishoni mwa Julai 1899 na msafara wa Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji wawili wa Kimasai. Yeye pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel walisimama juu ya Batian tarehe 13 Septemba. Majuma yale yote ya msituni yalikuwa na njaa, mashaka na vifo, na sitamani mtu ayarudie. Lakini mapafu yao yalikuwa yamezoea. Ningependa majina ya wale Waswahili 66 yangejulikana kama lilivyojulikana la Mackinder, maana bila migongo yao hakuna chakula kingefika juu.

Kuhusu chombo chenyewe, mtu mmoja au wawili watumie matatu hadi njia ya kuingilia Sirimon, kisha boda boda. Ni rahisi, na mzigo wa siku tano unabebeka. Mkifika wanne au watano, piga bei ya kukodi gari kutoka Isiolo moja kwa moja hadi getini. Mkigawana, tofauti huwa ndogo, nanyi mnapata nafasi ya kulala Timau bila kuhangaika na mizigo steji. Ila mkubaliane na dereva kabla ya kuondoka kama bei inahusu barabara kuu tu au mpaka getini, maana kipande cha mwisho ndicho kinacholeta ugomvi. Uwanja wa ndege wa Isiolo, uliofunguliwa 2017, hauna kazi katika safari hii. Ndege, hata ikiwepo, itakupeleka Nairobi, nawe utarudi kwa barabara mwendo mrefu kuliko ule ulioukwepa. Vivyo hivyo treni ya Nanyuki, iliyofufuliwa mwishoni mwa 2020: ni safari tamu, lakini ni ya anayetoka Nairobi.

Malipo ya hifadhi fanya kwa eCitizen ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Usipange kuingia peke yako, kwani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halikubali mpandaji wa pekee. Tafuta mwongozaji wa Nanyuki au Timau aliyesajiliwa. Wengi wao pia hukodisha viatu, makoti na mifuko ya kulalia, na hilo litakuokolea pesa nyingi kuliko ujanja wowote wa nauli. Mtu wa Isiolo hana koti la nyuzi joto chini ya sifuri, na hana sababu ya kununua jipya kwa siku tano.

Sasa niseme kuhusu theluji yenyewe, kwa sababu vijana huniuliza kama wanaweza kuteleza kwa ski. Hapana. Theluji mpya huanguka hasa majira ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na haikai. Barafu ya kudumu inakwisha: ule mto wa barafu wa Lewis, ulio chini ya Lenana, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na umeendelea kupungua. Anayetaka kuuona asiahirishe.

Anayetaka ski kwelikweli atavuka bahari, au aende Lesotho, ambako kituo cha Afriski kiko juu ya mita 3,000 katika milima ya Maluti na msimu wake ni Juni hadi Agosti. Wakenya wawili wamekwisha kufungua njia hiyo mbele ya dunia. Philip Boit alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, mbio za ski za kilomita kumi. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie akamsubiri mstarini kumkumbatia. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika ski ya mteremko kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018.

Ukipata nafasi ya kwenda milima ya Alps huko Ulaya, kwa ndugu au kwa kazi, utakuta swali la njia limegeuka. Miji ya ski ya huko ni ya chini kuliko unavyodhani. St. Anton ya Austria iko mita 1,304, juu ya Isiolo kidogo tu. Zermatt ya Uswisi iko mita 1,608, chini ya Nanyuki. Val Thorens ya Ufaransa, inayojulikana kwa kuwa juu kuliko vituo vyote vya ski vya Ulaya, iko mita 2,300, ambako mkulima wa Timau anapanda viazi. Kwa hiyo unaweza kufika usiku wa kwanza bila kuugua. Tatizo la huko ni barabara. Gari la kukodi majira ya baridi linahitaji matairi ya theluji. Austria sheria inayadai kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara inapokuwa na theluji au barafu, na Ufaransa imeweka sheria ya namna hiyo katika wilaya za milimani tangu 2021. Juu ya hayo, nyumba nyingi za wageni hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo magari hujaa mabondeni kwa saa nyingi, wanaoondoka wakipishana na wanaofika.

Kwa mtu asiyewahi kuendesha juu ya theluji, treni ni bora bila ubishi. Kituo cha reli kiko chini ya uwanja wa ndege wa Zürich. Unashuka ndege, unaingia treni, unabadilisha Visp, na katika saa tatu na nusu hivi uko Zermatt, mji ambao magari ya kawaida hayaruhusiwi kabisa. Wenye magari huyaacha Täsch na kumalizia kwa treni hiyo hiyo. St. Anton nayo treni inasimama katikati ya mji. Pa kuwa macho ni reli zinazopanda juu zaidi. Ile ya Gornergrat, iliyofunguliwa 1898, inakufikisha mita 3,089, na ile ya Jungfraujoch ya 1912 inafika mita 3,454, juu ya Old Moses, katika muda ambao hautoshi kukamilisha mazungumzo na jirani. Nenda, tazama, kunywa maji, teremka ukalale chini.

Kurudi kutoka Lenana kuna uamuzi wake, na wengi huuacha hadi siku ya mwisho wakiwa wamechoka. Ukishuka Sirimon mambo ni mepesi: mwongozaji hupiga simu, boda boda inakuja getini, na ukifika barabara kuu kabla ya saa kumi jioni matatu za Isiolo bado zinapita. Ukishuka Chogoria, gari la kukutoa getini hadi mjini lazima liwe limekwisha kuagizwa na siku kutajwa, kwa sababu mtandao wa simu juu huko ni wa kubahatisha na kilomita 30 za msitu si za kutembea jioni. Kutoka Chogoria hadi Meru magari ni mengi, na kutoka Meru hadi Isiolo ni kama kilomita 50. Ukifika Meru giza limeingia, lala hapo. Mteremko wa kwenda Isiolo una kona na malori mazito ya kwenda Moyale, na dereva aliyeendesha tangu alfajiri hana macho ya kutosha kwa ajili yako.

Nguo za baridi usizivue zote Subuiga. Baridi ya kweli huwashika watu siku ile wanayoteremka mita elfu tatu na mia tisa kwa siku moja wakiwa na nguo zilizoloa jasho, na joto la Isiolo linawapumbaza wadhani wamepona uchovu. Vaa nguo kavu pale getini, kunywa chai ya moto Timau, kula kitu kizito, na upange siku nzima ya kupumzika nyumbani kabla ya kurudi kazini.